Bob Dole na chakula cha shuleni

Hapa Mwanza, Bob Dole hukumbukwa, ikiwa anakumbukwa kabisa, kwa kushindwa na Bill Clinton katika uchaguzi wa urais wa Marekani wa mwaka 1996, ilhali kazi yake ya kutunga sheria ndiyo iliyofika karibu nasi. Seneta huyo wa Kansas, jimbo la ngano, alishirikiana na mpinzani wake kisiasa, George McGovern wa South Dakota, kuisukuma sheria ya mwaka 1977 iliyoondoa sharti la familia maskini kulipa fedha kabla ya kupewa kuponi za chakula. Wakulima wa majimbo yao walinufaika pia, wala sioni aibu katika hilo. Mpango wa chakula cha shuleni wenye majina ya McGovern na Dole, ulioanzishwa kwa sheria ya kilimo ya mwaka 2002, umewalisha hata wanafunzi wa jirani zetu mkoani Mara.