Mashapo kwenye ndoo ya bia: yaache yatulie

Ule utope wa rangi ya maziwa chini ya ndoo si uchafu. Ni hamira iliyomaliza kazi, vipande vya hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) na protini za kimea. Katika ndoo ya lita 20, tabaka la sentimita 2 au 3 ni la kawaida kabisa.

Kosa kubwa ni haraka. Povu likishuka, watu hudhani bia imeiva. Pima kwa haidromita, kifaa kinachoonyesha sukari iliyobaki kwenye bia, siku 3 mfululizo. Kipimo kisipobadilika, ndipo uchachushaji umekwisha. Kisumu joto la mchana huisumbua hamira, kwa hiyo isimamishe ndoo ndani ya beseni la maji na uifunge kitambaa kibichi, ibaki nyuzi 18 hadi 22. Nakuru kazi hii ni nyepesi zaidi.

Uchachushaji ukiisha, iweke ndoo kwenye friji, nyuzi 2 hadi 4, kwa saa 48. Mashapo hushikana yakawa kama uji mzito.

Siku moja kabla ya kuihamisha bia kwenye chombo kipya, ipandishe ndoo mezani, maana mtikiso mdogo tu huyaamsha. Mpira wa kuhamishia bia uning'inie sentimita 3 juu ya utope, na ncha ya pili ifike chini ya chombo kipya. Bia ikimwagika kwa kurukaruka huvuta hewa, na baada ya wiki chache huwa na ladha kama ya katoni iliyolowa. Usivute mpira kwa mdomo; ili bia ianze kutiririka, ujaze maji yaliyochemshwa yakapoa. Lita ya mwisho, iache.