Skrubu mbili kuingia si ushahidi kwamba fremu ya mshiko imekubali

Watu wengi wakishafunga fremu mpya ya mshiko (kipande chenye mpini na triga) chini ya maka ya peintiboli, yaani bunduki ya hewa inayorusha mipira ya rangi, na skrubu zake mbili zikakaa, huhesabu kazi imekwisha. Skrubu hazijui kilichomo ndani. Kinachoamua kama fremu na mwili vimepatana ni pale triga inapokutana na ndoano, kile kipande kidogo cha chuma kinachoikamata nyundo (chuma kinachogonga vali ili hewa itoke) mpaka utakapovuta. Ndoano ikiikamata nyundo kwa ncha tu, maka inaweza kumwaga mipira mfululizo hata kidole kikiwa kimeshaachia.

Lakini tuanze na mkono, kwa sababu ndio unaowafanya watu watafute fremu hizi zenye maumbo yasiyo ya kawaida.

Jambo kubwa ni pembe ya mshiko. Anayecheza viwiko vimebana ubavuni na mtungi wa hewa umekaa begani anahitaji mshiko ulio karibu na wima. Hapo kifundo cha mkono hubaki kimenyooka. Mshiko ulioinamia nyuma unamfaa anayenyoosha mikono mbele. Ukimpa wa kwanza fremu ya wa pili, kifundo chake kitapinda kuelekea upande wa kidole kidogo, na baada ya michezo michache maumivu yatakaa hapohapo. Usipime kwa kuishika maka tupu mezani. Funga mtungi usio na hewa, vaa barakoa na glavu zako, inua maka kama unavyoinua mchezoni, kaa nayo dakika mbili. Mtungi ndio unaosukuma bega na kuweka umbali wa mkono, kwa hiyo bila mtungi kipimo chako ni cha uongo.

Umbali wa triga nao una maana. Nyama ya ncha ya kidole iguse triga bila kiganja kuzunguka. Kwa triga ya vidole viwili hesabu inabadilika kabisa: cha shahada na cha kati viko kazini, kwa hiyo vilivyobaki kushika ni viwili tu, na uzito unaangukia kwenye nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada. Fremu ya namna hii isiyo na ukingo uliochongoka nyuma juu ya kiganja, mimi siipendekezi kwa mtu yeyote, hata iwe nzuri kiasi gani kwa macho. Itakuwa inateleza kushuka kila unapovuta.

Kuhusu vibao vya pembeni vinavyofunika mpini, fremu nyingi za aina ya .45, zenye umbo la mpini wa bastola, hutumia vibao vyenye nafasi ya skrubu kama ya bastola ya 1911, yaani takribani milimita 78 kutoka tundu hadi tundu. Kwa hiyo vibao vya bastola hukaa, ila chukua vibao peke yake. Skrubu za bastola zina meno yake, tumia zilizokuja na fremu. Tundu la kibao cha bastola nalo ni pana, kwa hiyo weka washa ndogo (kipete bapa) chini ya kichwa cha skrubu, la sivyo kibao kitacheza. Kwenye maka ya umeme angalia kwanza kama betri na saketi vinabaki na nafasi. Vibao vya mbao vilivyo bapa kwa ndani huwa vinabana waya.

Maka zinazopokea mshiko wa bunduki ya AR-15 ni habari nyingine: mshiko hufungwa kwa skrubu moja ya 1/4-28 kutoka chini, na mfumo wa triga hauguswi. Huo ndio ubadilishaji salama kuliko wote, na kama shida yako ni pembe tu, usitafute kingine.

Sasa uingie ndani. Ondoa mipira, ng'oa mtungi, toa hewa yote iliyobaki ndani ya maka, kisha ndipo ushike ufunguo wa aleni. Linganisha skrubu kabla ya kukaza. 10-32 (skrubu ya vipimo vya inchi) na M5 (ya milimita) zinafanana kiasi cha kudanganya: ya kwanza ina unene wa milimita 4.83, ya pili 5.0, na hatua za meno zinakaribiana sana. M5 itaingia mizunguko miwili mitatu kwenye tundu la 10-32, ikaze, wewe udhani ni uchafu, uongeze nguvu, na meno ya alumini yafe. Skrubu ikikataa kwa vidole, itoe uipime. Urefu nao upime: skrubu ndefu mno inaweza kutokeza ndani ya bomba la nyundo na kuikwamisha. Fremu ikishafungwa, vuta nyundo nyuma na mbele kwa mkono. Ikikwaruza popote, simama.

Halafu ndoano. Paka ukingo wake wino wa kalamu nene, funga fremu, koki (vuta nyundo nyuma mpaka ndoano iikamate) na ufyatue mara tano bila hewa, kisha fungua utazame. Wino uliofutika ukiwa utepe mpana, sawa. Ukiwa mstari mwembamba kama uzi pale ukingoni, fremu imekaa chini mno. Watu hujaribu kurekebisha mambo kwa kuweka washa kati ya fremu na mwili, na hapo wanaishusha ndoano zaidi. Mwisho koki maka na uigonge nyuma kwa kiganja mara kumi. Nyundo isianguke hata mara moja.

Kila aina ya maka ina tabia yake. Kwenye Automag ndoano iko kwenye reli, chuma kilicho kati ya mwili na fremu, haiko ndani ya fremu. Triga huisukuma kupitia kijiti. Kijiti kirefu mno, ndoano hairudi mahali pake. Kifupi mno, unavuta triga mpaka mwisho na hakuna kinachotokea. Kwa hiyo usitupe kijiti cha fremu ya zamani kabla hujapima. Autococker ndiyo inayodai subira kuliko zote, hasa ukitoka triga ya kuteleza kwenda ya bawaba, maana triga moja inafanya kazi mbili: kuachia nyundo, kisha kugeuza vali ya mbele inayokoki. Rekebisha kwanza kijino cha nyundo, pale ndoano inapoikamata, ndipo ushike fimbo ya mbele inayounganisha triga na vali. Ukianza na fimbo, utairekebisha tena baada ya kijino, na vali ikigeuka kabla nyundo haijaachiwa, utasikia hewa ikifanya kazi na mpira hautoki.

Kwenye maka za umeme, tatizo huwa waya. Usifunge skrubu ya mwisho mpaka umeona nyaya za macho (vihisio vinavyoona mpira) na solenoidi (vali ya umeme) zimelala kwenye njia zake; waya uliobanwa kati ya fremu na mwili unaweza kufanya kazi siku nzima, kisha ukakata.

Kitu kinachosahaulika ni mpira wa hewa, yaani bomba laini linaloleta hewa kutoka kwenye mtungi. Pembe ikibadilika, kiungo cha mtungi kinasogea nyuma au mbele, na mpira wa inchi 1/4 uliokuwa unatosha sasa umevutwa kwa pembe. Utavuja kwenye kiungo, na utalaumu fremu bure. Kata mpya kwa wembe mkali, ncha iwe mraba kabisa, uache mkunjo kidogo. Skrubu za fremu zipake gundi ya bluu ya kuzuia skrubu kulegea, tone moja, isiguse plastiki ya polikaboneti kwa sababu huipasua.

Funga mtungi taratibu, maka ikielekea upande usio na mtu, miwani ya kinga usoni, na weka mpira mmoja tu kila mara. Piga mmoja mmoja mbele ya kipima kasi mara sita au saba. Ukiona maka imefyatuka mara mbili kwa mvuto mmoja, soma geji ya mtungi kabla ya kufungua kitu: hewa kidogo nayo huifanya nyundo ishindwe kurudi hadi kwenye ndoano. Geji ikiwa juu na bado inafyatuka mara mbili, ng'oa mtungi, toa hewa, rudi kwenye kipimo cha wino.