Maji ya baba mdogo

Majibu ya baba mdogo yametoka leo. Ni TB, ile ya utando wa mapafu.

Homa kila jioni, ubavu unachoma, mkanda anautoboa matundu mapya. Makohozi yalipimwa, hayakuonyesha kitu. Mtaani kwetu Mbagala kila mtu na lake, wengine wakasema karogwa.

Daktari alimwinamisha mezani, sindano ikapita mgongoni katikati ya mbavu.
Yakatoka maji yaliyojikusanya kando ya pafu, ya njano, kama bia kabisa!
Baba mdogo, mtu wa swala tano, akayakodolea macho: "Haya nimeyanywea wapi?"
Nesi alicheka mpaka akashika ukuta.

Humo wakapima kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za mwili) kiitwacho ADA, ambacho hupanda sana chembe za kinga zinapopambana na TB. Bakteria wenyewe kwenye maji hayo huwa wachache, ndiyo maana wanakwepa darubini. Kipimo cha ADA kikifika uniti 40 kwa lita na kuendelea, TB inashukiwa sana. Chake 78. Lakini magonjwa mengine nayo hukipandisha, kwa hiyo waliangalia na vipimo vingine.

Dawa bure, miezi 6. Kaanza leo.

Kuna aliyewahi kutolewa maji hivi? Ubavu uliacha kuuma lini? Mzee ananiuliza kila saa.