Kilo 34 zilitoka, sasa nazizuia zisirudi

Kupungua kilo 34 kulinipa sifa mtaani. Kubaki nilipo hakunipi sifa yoyote, na kazi yake ni kubwa kuliko ile ya mwanzo. Mwaka 2021 nilikuwa na kilo 118. Nilipofika 84 majirani hapa Chikongola, Mtwara, walinishangaa kwa muda, wakazoea, nami nikabaki na mwili unaodai chakula kuliko zamani.

Daktari aliyekuwa akinipima presha alinieleza chanzo cha dai hilo. Mafuta ya mwilini hutoa homoni iitwayo leptini, inayoujulisha ubongo kwamba akiba ipo. Mafuta yakipungua, leptini inashuka, na ubongo unajiona umeingia kwenye ukame. Papo hapo mwili mdogo unatumia chakula kidogo kuliko mwili mkubwa. Yaani njaa imeongezeka na mahitaji yamepungua! Watafiti wa Melbourne, Australia, walionyesha mwaka 2011 kwamba homoni za njaa zilikuwa bado hazijatulia mwaka mmoja baada ya watu kupungua. Nilipoelewa hivyo niliacha kungoja njaa iishe yenyewe, nikapanga namna ya kuishi nayo.

Mimi ni karani wa ghala la korosho, kwa hiyo mizani si tatizo. Kila Ijumaa asubuhi, kabla ya chai, napanda juu ya mizani ya magunia. Vijana wa kupakia wananitania: "Karani, leo unyevu asilimia ngapi?" Naandika namba kwenye daftari langu. Nikiwa kati ya 83 na 86 sibadili kitu. Ikigonga 87, maandazi na sukari ya chai vinasimama hadi namba irudi. Kilo tatu zinaondoka bila shida. Kumi na tano zingenirudisha karibu nusu ya njia.

Msimu ndio unaonitesa. Kuanzia Oktoba malori yanaingia hadi usiku, tunakula kinachopatikana, na kinachopatikana saa nne usiku ni chipsi mayai. Siku hizi nabeba hotpoti: samaki wa kuchoma, kunde au mbaazi, na kipande cha muhogo wa kuchemsha. Nakula mapema, jua likiwa bado lipo. Korosho zenyewe? Za ghalani ni ghafi, ganda lake lina mafuta yanayobabua ngozi, hakuna anayezigusa kwa meno. Hatari inakuja na akina mama wanaopitisha zilizobanguliwa na kukaangwa. Gramu 100 zina kalori kama 550, na ukiwa na kalamu mkono mmoja, mkono wa pili unamaliza pakiti bila wewe kujua. Sijaziacha, maana mtu wa Mtwara kuacha korosho ni kujitafutia ugomvi na nafsi yake. Nazipima kwa kikombe kidogo cha kahawa, nafunga pakiti, nairudisha begini.

Nyumbani tulibadilisha mambo machache tu, kwa sababu mke wangu alikataa kupika vyungu viwili. Ugali wa muhogo upo, lakini bonge langu ni nusu ya lile la zamani, na kisamvu kimejaa sahani. Tui zito linasubiri Ijumaa. Siku nyingine anatumia la pili. Soda imetoka kabisa, na hiyo sikuijutia. Ramadhani ndiyo inayohitaji akili: futari ya mihogo ya nazi, magimbi na tambi za sukari inaweza kuzidi milo ya siku nzima. Nafungua kwa tende na uji usio na sukari, naswali Magharibi, ndipo narudi mezani. Nikirudi, pupa imeshapoa.

Kutembea kulikuja kwa urahisi. Baada ya swala ya alfajiri nashuka Shangani hadi baharini na kurudi, karibu saa nzima, kabla jua halijawa kali. Masika yakizuia, nafanya mazoezi barazani, nachuchumaa na kusimama nikiwa na dumu la lita 20. Marekani kuna orodha ya watu waliopungua angalau kilo 13.6 na kudumu hivyo kwa mwaka au zaidi, ilianzishwa mwaka 1994. Wengi wao husema wanajishughulisha kwa mwili takribani saa moja kwa siku, hasa kwa kutembea, na wanajipima mara kwa mara. Kumbe sikuwa peke yangu na daftari langu.

Maneno ya watu yalinichosha kuliko njaa. Huku kwetu ukikonda unaulizwa unaumwa nini, na wasiouliza wanaulizana wao kwa wao. Mama mdogo alikuja kutoka Mikindani, akanivuta pembeni. "Mwanangu, kama kuna jambo niambie, mimi si mtu wa nje." Nikamwambia, "Mama, mzima kabisa, nimepunguza tu kula." Hakuridhika. Nilimchukua siku ya kliniki, akasikia mwenyewe daktari akinipunguzia dozi ya presha. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayenijibia kwenye misiba na harusi, na kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka.

Suruali zote za zamani zilikwenda kwa fundi zikapunguzwa kiunoni, na nilimwambia akate kitambaa kinachobaki, asikikunje ndani. Fundi alisikitika: "Kaka, ukinenepa tena je?" Nikamwambia akate tu. Ikibana, ninajua kabla ya Ijumaa.

Mwezi ujao malipo ya korosho yanatoka, na kadi tatu za harusi zipo juu ya kabati. Nitakwenda zote. Pilau sahani moja, maji, halafu ngoma hadi shati liloe.