Kiti kikisimama, zima

Jumamosi iliyopita nilikwenda Kimara, Dar es Salaam, kumwona kijana mmoja aliyepata kiti cha magurudumu cha umeme. Ana miaka 23, aliumia uti wa mgongo kwa ajali ya bodaboda, na kiti amekitumiwa na mjomba wake aliyeko Uingereza. Kimetumika, lakini ni kizima. Alinipigia simu tangu Jumatano: "Dada, kimefika, ila mama amenikataza kukiendesha mpaka uje." Nikamwambia amshukuru mama yake.

Nilimkuta barazani, amekaa kwenye kiti, taa za kwenye kiboksi cha kuendeshea zinawaka zote, na amempakata mpwa wake wa miaka minne. Kati ya goti la mtoto na kijiti cha kuendeshea ungeweza kupitisha vidole vitatu. Hata maji sijapewa, nikasema, "Zima kwanza, mdogo wangu." Akanishangaa. "Mbona hakiendi, dada? Kimesimama tu."

Nimekaa kwenye kiti cha umeme tangu 2017, baada ya miaka tisa ya kusukuma kile cha mikono mpaka mabega yakagoma. Karibu kila nilipoumia, au nilipomuumiza mtu, kiti kilikuwa kimesimama tu. Nikiwa njiani macho yako kwenye mashimo na magari, mkono uko kwenye kijiti, akili yote iko hapo. Nikishafika najisahau, na kiti bado kinawaka.

Mwaka ule wa kwanza nilisogea mezani asubuhi, sikuzima. Nikainama kuvuta chupa ya chai. Mimi kuanzia kifuani kwenda chini sina nguvu, nikiinama nainama mzima, na mkono wa kulia ukakilalia kijiti. Kiti kikaenda mbele. Meza ikanibana tumboni, nikazidi kuinama, na kadiri nilivyoinama ndivyo kijiti kilivyozidi kulala mbele na kiti kuzidi kusukuma. Swichi ilikuwa chini ya mkono uleule uliobanwa. Meza ilitembea mpaka ukutani. Binti yangu aliruka akaizungukia, akapenyeza kidole chini ya kiwiko changu, akazima. Chupa ilikuwa imelala, chai inanimwagikia pajani, nami sisikii kitu. Usiku wakati wa kuoga ndipo tukaliona lengelenge, pana kama kiganja. Lilichukua wiki saba kupona.

Salamu nazo zina mambo yake. Watu wetu wanasalimia kwa mwili: shangazi anakuja, anainama, anakukumbatia, mkoba unaning'inia kwenye kwapa. Harusini, mkanda wa mkoba wa shangazi yangu ulinasa kwenye kijiti, na kiti kikamkanyaga mguu alipokuwa ananiombea dua. Siku hizi nikimwona mtu anakuja na mikono imefunguliwa, kidole changu kiko kwenye swichi kabla hajanifikia. Nilimfanyisha kijana hilo zoezi zaidi ya mara ishirini. Mimi naingia getini, "Hodi, mdogo wangu," na yeye lazima awe amezima kabla sijamshika bega. Mara tatu za kwanza nilimwahi.

Kuhama kutoka kitini kwenda kitandani ni hivyohivyo. Zima, inua vikanyagio, sogea ukingoni, ndipo uhame. Wengi hukanyaga kikanyagio wakati wa kuhama, kiti kinainama mbele nao. Na usikishike kijiti kama mpini wa kujiinulia, maana ndicho kilicho karibu na mkono na mkono utakimbilia hapo wenyewe.

Kuhusu nyutro nilimkalisha mama yake pia. Nyuma, kwenye kila mota, kuna kishikizo kidogo cha kutenganisha mota na gurudumu ili kiti kisukumike kwa mikono. Breki za kiti kama hiki ziko kwenye mota, na zinafunga pale umeme usipozifikia: ukiachia kijiti zinafunga, ukizima zinafunga, betri ikifa zinafunga. Ndiyo maana kukizima kikiwa kimesimama, hata kwenye mteremko, hakukuletei madhara. Lakini ukitia nyutro huna breki tena. Changu bila mimi kina kilo 87. Mwaka 2019 betri ilinifia kwenye kilima karibu na nyumbani, vijana wawili wema wakatia nyutro wanisukume. Simu ya mmoja ikalia, akaachia mkono mmoja, na mwenzake akashindwa kunizuia. Nilirudi nyuma kama hatua sita mpaka ukuta wa duka ukanipokea. Kwa hiyo mama yake sasa anajua: nyutro ni sehemu tambarare tu, na kwenye mteremko kiti kinabaki na breki mpaka wapatikane watu wa kutosha. Nilimwambia pia aangalie vishikizo vyote viwili virudishwe kabla mwanawe hajaondoka.

Kimara ni vilima, kwa hiyo ilibidi tuzungumze vilima. Kupanda: kabili kilima moja kwa moja, inamisha kichwa na mabega mbele kama unaweza, nenda polepole bila kusimama katikati, kwa sababu ule mshtuko wa kuanza upya ndio unaoinua magurudumu ya mbele. Kushuka: spidi ya chini kabisa, mkanda umekaza nyongani, na kijiti unakiachia taratibu. Ukikiachia ghafla kiti kinasimama, wewe unaendelea. Usikate kona katikati ya mteremko. Yote haya aliyapokea vizuri, akayarudia bila kukosea.

Miguu aliipuuza, kama nilivyoipuuza mimi. Ukiwa huhisi miguu, unyayo unaweza kuteleza kwenye kikanyagio ukaburuzwa, na wewe unaendelea kuongea na mwenzako. Niliwahi kufika dukani na ndala moja, kidole gumba kimechubuka mpaka nyama, na aliyeniambia ni muuza duka. Viatu viwe vya kufunga. Na kina dada wenzangu, khanga na baibui vichomekwe chini ya mapaja pande zote mbili, kisha mkanda juu yake. Upindo ukiingia kwenye gurudumu, mota haijui kama ni nguo.

Umeme. Betri za kiti chake ni mbili za volti 12, za risasi, zilizofungwa. Hizo zichajiwe kila usiku hata kama ametembea kidogo, zisiachwe ziishe kabisa, na kwa chaja yake yenyewe. Jirani yao fundi magari alijitolea kuzichaji kwa mashine ya gereji. Nikamwomba kwa heshima zote asifanye hivyo, maana ile mashine ni ya betri nyingine na zile zilizofungwa inaziua. Chaja ikae mahali penye hewa, isifunikwe nguo, mbali na jiko la gesi. Umeme ukikatika, chomoa, na ukirudi subiri utulie kwanza. Taa za betri nazo zisimdanganye. Kiti kikiwa kimetulia zinawaka zote, kikianza kupanda kilima zinashuka hadi nusu. Azisome akiwa kilimani ndipo aamue kama safari inawezekana. Kwa ajili ya mvua nilimpelekea kofia ya nailoni ya kuogea ya kuvisha kiboksi cha kijiti. Yangu iko kwenye mfuko wa kiti mwaka mzima.

Barabarani hatukwenda. Aliniomba, "Mpaka kituo cha mwendokasi tu, dada, nikaone." Ninamwelewa. Vile vituo vilipoanza kazi mwaka 2016 nami nilikwenda kwa ajili ya kuona tu sakafu iliyo sawa na mlango wa basi, na nililia. Atafika. Lakini kati ya kwao na kituo hakuna njia ya miguu. Kuna mtaro ambao mifuniko yake mingine imevunjika, na kuna magari yanayorudi nyuma, ambayo madereva wake hawamwoni mtu aliyekaa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilipitishwa mwaka 2010, na bado kijana wa miaka 23 atapita upande wa magari yanayomjia usoni, na bendera nyekundu nyuma ya kiti, ili aonekane. Hilo linaniuma na sitaacha kulisema.

Tena kiti chake kina upungufu. Vile vigurudumu vidogo vya nyuma, vya kukizuia kisibiringite kinapopanda, vimeng'olewa. Huenda aliyekuwa nacho aliviona vinakwaruza kwenye kingo. Tulibaki na matundu mawili ya boliti. Nimepima upana na kimo, nikapiga picha, na fundi wa kuchomelea wa mtaani kwetu anasema viwili atavimaliza Alhamisi. Mpaka hapo kijana amekubali kuzunguka uani tu, kati ya mwembe na geti, spidi namba moja. Jana usiku alinitumia ujumbe kwamba amezunguka mara arobaini na mama yake alimsalimia mara tisa, na mara zote tisa alikuta kiti kimezimwa.