Maji moto wa uongo juu ya mkorosho

Ukipiga tawi la mkorosho, Naliendele au Nachingwea, kusini mwa Tanzania, maji moto (sisimizi wakali wa mitini) hukurupuka na kung'ata. Mmoja akidondoka na kuning'inia kwenye uzi, mkamate kwa kichupa: huenda si maji moto bali ni mwigaji wake, buibui mrukaji wa jenasi ya Myrmarachne.

Anza na miguu. Ni minane, ila ile miwili ya mbele huinuliwa na kutikiswa kama pembe za kupapasia za sisimizi, ndiyo maana watu huhesabu sita na kumwacha. Kisha macho, kwa lenzi ya 10x. Mbele yapo manne, na mawili ya katikati ni makubwa kama taa za gari. Usiruke hatua hii: wapo buibui waigaji wa familia nyingine wenye umbo hilohilo la sisimizi, lakini macho yao yote ni madogo.

Tazama mgongo. Kichwa kimeinuka, halafu kuna mbonyeo kabla ya kifua, na nyuma yake kiuno chembamba kinachoonekana wazi kutoka juu. Dume ana mataya marefu yaliyochomoza mbele. Jike ana mafupi, lakini vipapasio vyake (viungo vidogo viwili kando ya mdomo) ni bapa kama kafi. Wengi hulitupa jike wakidhani ni jenasi nyingine.

Spishi ni kazi ya hadubini: kipapasio cha dume, tundu la uzazi la jike. Hifadhi kwenye ethanoli ya asilimia 70 hadi 75, ila piga picha kwanza, maana rangi hupauka.