Nilivyojifunza kutulia juu ya mbuzi ya nazi

Naanza na ushauri mbovu, maana ndio ulionipotezea miezi minne.

Mwaka ule usingizi ulinihama. Nalala saa 4, ikifika saa 8 usiku macho kodo. Nahesabu deni la vitambaa, sare za shule zilizoshonwa na wenyewe hawaji kuzichukua, ada ya kijana. Mtoto wa dada yangu alikuja likizo kutoka Dar, akaniona nilivyovimba macho, akasema: "Mamdogo, fanya meditesheni. Kaa chini, fumba macho, ondoa mawazo yote kichwani."

Yote! Nikajifungia chumbani kwangu hapa Tanga mjini, Ngamiani, Barabara ya 12, bodaboda zinapita, jirani anatwanga kisamvu, na mimi nafukuza mawazo. Nikilifukuza la deni linaingia la sare. Nikilifukuza la sare naanza kuwaza kwamba siwazi. Natoka pale nimechoka kuliko ningeshona magauni manne. Kila nikimwambia yule kijana kwamba haifanyi kazi, jibu lake ni lile lile: huna nia, tafuta mahali pa kimya.

Nami mwanamke mtiifu nikaenda kutafuta kimya. Nikaenda mapangoni Amboni.

Msinicheke. Ni kilomita kama 8 tu kutoka mjini, upande wa kaskazini, na ndani ya mawe yale ya chokaa hakuna bodaboda wala kisamvu. Nikalipa kiingilio, elfu kadhaa, nikamwambia muongozaji kwamba nataka kukaa peke yangu kidogo. Alinitazama kwa jicho la kujua, ila hakuuliza. Hapo ningeshtuka. Akaniacha na taa ndogo, yeye akasimama mbele kidogo kwenye kona. Nikachagua mahali pananukia udi na marashi, nikaona hapa ndipo penye utulivu. Mtu wa Tanga mimi, nimezaliwa hapa, na bado haikunipitia kichwani kujiuliza marashi yanatafuta nini pangoni. Watu hupeleka haja zao kule, huweka ubani na sadaka. Nimekaa palepale, kanga nyeusi kichwani, macho nimefumba.

Nikasikia nyayo, nikajua ni muongozaji. Kumbe ni mama mmoja, amekuja na shida yake. Akaweka kitu chini, kikalia kama sarafu, akapiga magoti, akaanza kueleza. Mambo ya mume, mambo ya wifi, mambo ya shamba. Mimi nimeganda. Nikifumbua nitamtisha, nisipofumbua nasikia yasiyonihusu. Popo wanapita juu, mguu umekufa ganzi mpaka kiunoni. Mwisho akaniuliza kwa sauti ya machozi, "Bibi, nitapata?"

Nikamjibu, "Samahani dada, mimi fundi cherehani."

Ukelele alioutoa ulitikisa popo wote. Mimi nikainuka kwa mguu wa ganzi, nikajigonga kichwa kwenye jiwe, nikaanguka juu ya chupa ya marashi. Muongozaji akaja mbio, alipoelewa akacheka mpaka taa ikamdondoka. Yule mama alipotulia alikasirika kweli: "Sasa hayo uliyoyasikia?" Nikamwapia kwamba sitamwambia mtu, na hata hapa sisemi. Sarafu yake ya 500 akaichukua. Marashi yalibaki kwenye dera langu wiki nzima.

Kisa hiki ndicho kilichonikutanisha na wenzangu. Nilimsimulia mteja wangu, bibi mmoja muuguzi mstaafu, amekuja kupunguza gauni la kanisani. Alicheka, kisha akaniuliza: "Nani alikwambia uondoe mawazo?" Akanieleza kwamba huko Marekani, mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn alianzisha mafunzo, siku hizi ni ya wiki 8, hospitalini Massachusetts, kwa wagonjwa wenye maumivu yasiyoisha, na hakuna aliyeambiwa aondoe chochote. Wanafundishwa kuona kilichopo, pumzi, mwili, hata maumivu yenyewe, bila kugombana nacho. Akili ikitoka unairudisha. Ikitoka tena, unairudisha tena. Huko kurudisha ndiko kazi yenyewe.

Nikaelewa mara moja, kwa sababu nimeanika mpunga maisha yangu yote. Kuku atakuja tu. Huwezi kumchinja kila kuku wa mtaa. Unamwambia "shii," anaondoka, unaendelea kukaa. Miezi minne mimi nilikuwa nakimbiza kuku mpaka mtaa wa pili na mpunga nimeuacha peke yake.

Tukaanza watatu, sasa tuko saba. Tunakutana ufukweni Raskazone saa 12 kasorobo, sisi Waislamu tukishaswali alfajiri. Tuna fundi baiskeli, muuza samaki, mwalimu wa sekondari, na wengine. Mwalimu alisoma India, huko akakaa siku 10 kwenye kozi ya meditesheni iitwayo Vipassana, ya mapokeo ya mwalimu S. N. Goenka. Kengele ya kuamka saa 10 alfajiri, hakuna kuongea, na ada hakuna, ukimaliza unachangia ulichonacho. Yeye ndiye aliyetufundisha kuiweka akili puani pumzi inapoingia na kutoka. Mimi ilinishinda, pua yangu ina mafua ya vumbi la vitambaa. Muuguzi akanipa njia ya kuhesabu: pumzi moja, mbili, mpaka 10, ukipotea unarudi moja. Wiki ya kwanza sikuwahi kuvuka nne. Fundi baiskeli alitangaza amefika 36, tukamwambia basi hata hilo la kurudi moja ulishalisahau.

Kukaa na watu ndiko kulikoniponya, nasema wazi. Peke yangu chumbani, dakika ya tatu nimekumbuka nguo ya kuloweka, nimeinuka. Raskazone naona haya kuinuka mbele ya muuza samaki ambaye ametoka kupigania changu na tasi ufukweni na bado amekaa kimya.

Hatukukosa vituko. Tulikuwa tunatumia simu kama kengele, ikaanza kuleta matangazo ya mikopo katikati ya utulivu. Nikaja na udi wa vijiti: unakata kipande, ukiisha harufu mmemaliza. Ila upime kwanza nyumbani, na kusi likivuma kinakwisha mapema, kwa hiyo tunakichomeka ndani ya kopo la maziwa. Na maji ya bahari yana saa yake, kila siku yanachelewa kama dakika 50, sisi saa yetu ni ile ile. Siku ya bamvua tumefumbua macho, ndala nne zinaelekea kisiwa cha Toten.

Halafu kuna shida ya magoti. Wale wa kwenye picha wanakunja miguu kama mkate wa chapati. Mimi nina miaka 43 na kilo zangu sizitaji. Nimejaribu mto, nimejaribu tofali, nimejaribu gunia la pumba. Siku moja nakuna nazi, nikaona mgongo wangu umenyooka wenyewe. Mbuzi! Nikaufunga ule ulimi wenye meno kwa kitambaa cha kaki, nikapiga magoti juu ya mkeka, mbuzi katikati ya miguu, makalio juu yake. Nusu saa bila ganzi. Nilitamba siku hiyo, na ninatamba mpaka leo. Siku niliyosahau kuufunga ulimi, dera likachanika mbele ya watu. Haidhuru, mimi fundi.

Wenzangu wakataka. Seremala wa hapa Ngamiani anatutengenezea zisizo na meno, elfu kumi hivi, ukimkuta ana njaa hata nane.

Walioniuliza kama hii ni dini, nilimuuliza ustadhi wangu wa zamani wa madrasa kabla yenu. Alisema kukaa kimya na kuhesabu pumzi hakuna ubaya, ila nisichanganye na maneno ya ibada za watu. Hatuchanganyi. Na tulijaribu zoezi moja la kula zabibu kavu moja polepole, kuiangalia, kuinusa, kuisikia ulimini. Sisi tulitumia chungwa la Muheza. Fundi baiskeli alimaliza lake tukiwa bado tunanusa, akauliza lingine liko wapi.

Ila mmoja wetu akifumba macho moyo ulikuwa unamwenda mbio, anasikia hofu. Hatukumlazimisha. Yeye hutembea polepole mchangani, macho wazi, anasikiliza nyayo zake. Na vidonge vya presha tunameza kama kawaida, muuguzi hataki mchezo.

Usingizi umerudi, si kila siku. Saa 8 bado naamka mara mojamoja, nahesabu mpaka nne, mpaka saba, mara kumepambazuka.

Juzi mama mkwe aliingia uani akaikuta mbuzi yangu mpya imeegemezwa ukutani. Akaigeuza, akaitafuta meno.

"Mbuzi isiyo na meno ni ya kazi gani?"

"Ya kukalia, mama. Unakaa tu, kimya, huwazi la jana wala la kesho."

Akanitazama. "Na mimi miaka yote hii jioni nilikuwa nakalia nini?"